Baiskeli Tuliyobadilishana Njia ya Geita

Kwanza nikukataze jambo moja: usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Kila ninayemsimulia huanza na swali hilo, na mimi pombe sijaionja tangu nizaliwe. Baba yangu alikuwa mtu wa swala tano, na nyumbani kwetu Nyahanga, pale Kahama, hata harufu ya kangara haikupita mlangoni. Wala usiniambie kwamba pengine ilikuwa usiku nikaona vibaya. Ilikuwa mchana kweupe, mwezi wa saba, anga halina wingu hata la kusingizia. Yamenipata mimi mwenyewe kwa mwili wangu huu, na mke wangu yupo hai, yuko uani sasa hivi. Nenda kamuulize ukitaka, ingawa hatakujibu.

Ninyi mmezoea bodaboda zinazopiga kelele mpaka mashambani. Hamjui barabara ilivyokuwa miaka ile ya sabini ikienda kwisha. Mafuta yalikuwa shida. Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea, na huku kwetu hata asubuhi yake gari hulioni, maana petroli yenyewe ungeipata wapi? Basi Jumapili barabara yote ilikuwa mali yetu sisi wenye baiskeli. Unakwenda katikati kabisa, huangalii nyuma. Unasikia spoki zako mwenyewe, unasikia kwale nyasini, unasikia mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, na baadaye kidogo unamwona. Niamini, mimi raha kubwa kuliko hiyo sijaipata. Wenzangu Jumapili walikwenda mpirani, mimi nilijaza upepo nikaondoka, sina hili wala lile, niende tu mpaka nichoke.

Lakini Jumapili ninayokuambia sikutoka kwa raha.

Nilikuwa nimeoa msichana wa Kisukuma kutoka ziwani, upande wa Nungwe, mbele ya Geita. Anaitwa Kabula. Tulipata mtoto wa kike, Hidaya, naye akatutoka kabla hajajua kutambaa. Tukamzika. Baada ya hapo Kabula akawa haongei. Anapika, anafua, haongei. Siku moja akaomba ruhusa aende kwao akapumzike, nami nikampa. Desturi ya kule ni kwamba mume hakawii. Anafuata, anaonekana kwa wakwe, anakaa nao msibani siku mbili tatu, halafu anaondoka na mkewe. Mimi nilikuwa nauza vitambaa dukani kwa mtu, ruhusa haipatikani, mabasi hayana mafuta, siku zikawa zinakwenda.

Kisha utingo wa lori la pamba akaniletea ujumbe kutoka kwa baba mkwe wangu, Mzee Masanja. Ulikuwa mfupi. Jua la Jumapili likizama mkwe hajaonekana, Jumatatu ng'ombe wa mahari wanatolewa zizini wanarudi kwao. Kwa Wasukuma ng'ombe wakirudi hakuna tena la kuzungumza, ndoa imekwisha. Na mimi Kabula nilikuwa nampenda. Nakuambia hivyo hivyo bila kuzunguka: nilikuwa nampenda, na nyumba bila yeye ilinishinda kulala.

Nikatoka Jumamosi alfajiri. Kwenye karia nilifunga sukari, mche wa sabuni na doti moja ya kanga, vitu ambavyo wakati ule ukivionyesha watu wanakuamkia mara mbili. Usiku nikalala Segese kwa binamu yangu. Jumapili, kabla hakujapambazuka vizuri, nikaingia njia ya Geita.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri, sitaki nidanganye. Ukungu umelala kwenye majani, vumbi bado limeshikwa na umande, na msitu wa miyombo pande zote umetulia. Nikajiona nitafika. Nilikuwa hata nimeanza kupiga mluzi pale tairi la nyuma lilipopiga mlio na karia ikakaa kwenye rimu.

Nilishuka nikaziba. Nikaenda kidogo, likatoka tena. Safari ya tatu nikafungua kopo la viraka na kukuta solusheni imekauka yote kama gundi ya mti. Sasa fikiria: msituni, kijiji sikioni mbele wala nyuma, mzigo mzito, na jua limeshapanda. Kwa miguu ningefika Jumatatu usiku. Nilikaa chini nikaegemea karia na machozi yakanitoka. Sioni haya kukuambia.

Nilipoinua kichwa palikuwa na mzee amesimama na baiskeli yake.

Sikumsikia akija. Cheni haikulia, changarawe haikulia. Alikuwa mzee mrefu, amevaa koti zito la baridi na joto lile, na miguu peku. Baiskeli yake nayo nikaiangalia, maana mwenye baiskeli huangalia baiskeli kwanza. Ilikuwa ya zamani sana. Rangi ya udongo, imebanduka madoadoa. Mbele imeinuka, nyuma imeshuka, kana kwamba aliyeiunga alikosea vipimo. Haina kengele wala taa.

"Mwadila, ng'wanawane," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mwanangu.

"Mwadila, bhabha. Shikamoo."

Marahaba hakuitikia. Akaangalia tairi langu, akaniangalia usoni, akasema, "Unalia tairi, au unalia kingine?"

Si unajua mtu mwenye majonzi akiulizwa hivyo? Nikamwaga yote. Hidaya, Kabula, ng'ombe, jua la Jumapili. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Balabala ni ndefu," akasema. "Chukua hii yangu. Mimi nitakokota hiyo yako."

"Babu, nitakurudishia wapi?"

"Ukifika ushuke, uiache. Usiifunge kamba. Inajua kwao."

Nikacheka, nikadhani ni utani wa wazee. "Na wewe je, utaweza kukokota mpaka wapi na tairi hili?"

"Mimi leo nakwenda kwenye mji wenye mbwa wengi. Nataka chuma."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungekaa uchambue maneno? Mimi nilisikia "chukua hii yangu" tu, mengine yakapita. Huku kwetu tumelelewa kwamba mkubwa akikupa kitu kwa mkono wake hukatai, na nilikuwa na haraka hivi kwamba ningeweza kupanda hata toroli. Mzee akahamisha mzigo wangu mwenyewe, akaufunga kwa mipira yangu ya tyubu. Nakumbuka baiskeli ilitikisika kidogo mzigo ulipokaa. Nikaona ni uchakavu.

Nikapanda.

Hapa sasa ndipo maneno yananipungukia. Nilikanyaga pedeli mara chache, halafu nikagundua kwamba sikanyagi, miguu inafuata tu. Kilima kikaja, tukapanda kama tunateremka. Mchanga ukaja, ule mchanga unaomshusha kila mtu akasukuma, tukapita. Hapakuwa na mlio wowote isipokuwa kitu kama pumzi, taratibu, nikasema huo ni upepo. Tandiko lilikuwa na joto. Nikasema hilo ni jua.

Miyombo ikaachia, yakaja mawe makubwa yamekaa moja juu ya jingine, yakaja mashamba ya pamba yamepasuka meupe mpaka mwisho wa macho. Hakuna gari, hakuna lori, hakuna vumbi la mtu mwingine. Sikuona njaa wala kiu. Nilikuwa katika hali ya mtu aliyelala na anajua amelala na hataki aamshwe. Na jambo moja nitakalokuambia ndilo linalonifanya mpaka leo nisiweze kumchukia yule mzee kabisa: katika safari ile, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, niliweza kumuwaza Hidaya bila kifua kubana. Niliona vidole vyake. Nilikumbuka alivyokuwa akipiga chafya mbili mbili. Nikamwimbia kwa sauti, peke yangu barabarani, wimbo aliokuwa akilalia, na nikaona kwamba nitamwambia Kabula jambo hili tutakapokaa wawili. Nitamwambia inawezekana kumkumbuka mtoto. Nilikuwa na furaha, unanielewa? Furaha ya kweli.

Kwenye kijito kimoja nikawakuta wachimbaji wa dhahabu wanachekecha mchanga kwenye makarai. Waliponiona walitupa makarai yote wakakimbilia porini, mmoja akaanguka kwenye maji akainuka akakimbia tena. Nikacheka sana. Wakati ule kuchimba bila kibali lilikuwa kosa, nikadhani wameniona mtu wa serikali. Nikapaza sauti, "Msiogope, mimi ni mpita njia!" Wakazidi kukimbia.

Mbele zaidi nikapishana na akina mama wametoka kanisani, wamevaa nguo zao nzuri. Wakaingia kwenye nyasi wote kwa pamoja, wakapiga magoti, na mmoja akamfunika mtoto wake uso kwa upande wa kitenge. Nikasema moyoni, ama kweli watu wa huku wana adabu, mtu wa Kahama akipita na baiskeli anapigiwa magoti. Nikawapungia mkono.

Umeshajua, sivyo? Ndiyo, wewe umeshajua. Mimi sikujua. Niliyepanda ni mimi, na mimi nilichoona ni baiskeli.

Baada ya Geita kuna mahali njia inashuka na unaliona ziwa mara moja, lote. Nikasimama hapo nipumzike, japo sikuchoka. Ukiwa na baiskeli kuna kitu unakifanya kila ukisimama bila hata kufikiri: unainama unabonyeza tairi kwa kidole gumba uone upepo. Nikainama nikabonyeza. Lilikuwa laini. Lilikuwa na uvuguvugu. Na chini ya kidole changu, wallahi, kitu kikadunda, kikadunda tena, kama unavyomshika mtu kwenye mkono.

Nikaondoa kidole. Nikaangalia ziwa. Nikajiambia jua limenichoma, nikapanda tena upesi ili nisifikiri. Hapo nilikuwa nimeshaanza kukikana kidole changu mwenyewe, lakini nyumba ya kina Kabula nilikuwa naiona kwa chini, na jua bado liko juu. Nimewahi! Dagaa walikuwa wameanikwa ufukweni wanang'aa, upepo wa ziwa unanipiga usoni, na sisi tunateremka bila breki, taratibu, hakuna hata jiwe linaloruka.

Mbwa ndio walioanza. Si kubweka, ni kulia, wakikimbilia chini ya maghala. Kisha ng'ombe wakavunja zizi. Ng'ombe wale wale niliokuja kuwazuia wasitoke walitoka wenyewe, wakatawanyika mpaka kwenye maji. Watoto wakaingia ndani na milango ikafungwa. Mimi nikashuka, nikaiegemeza baiskeli kwenye ua wa minyaa, nikapangusa vumbi, nikatengeneza kola ya shati.

Mzee Masanja akatoka. Huyu ni mtu ambaye siku ya posa alinikalisha juani kutwa nzima aone kama kijana wa mjini ana subira. Nyuma yake alikuwa Shija, kaka yake Kabula, ana panga mkononi, na mzee alikuwa anamsukuma mkono ule chini bila kumwangalia. Akanijia ameinama, viganja vimeshikana kifuani.

"Shikamoo, bhabha," akaniambia.

Baba mkwe! Kunipa shikamoo mimi! Nilitaka nicheke. Nikaona hanitazami mimi, anatazama nyuma yangu. Nikageuka.

Baiskeli ilikuwa imelala chini, na ilikuwa inahema.

Nilitazama mahali pa mpini nikaona masikio. Nilitazama mahali pa tandiko nikaona manyoya, yamelala kwa jinsi nilivyoyakalia. Alikuwa fisi, mkubwa kuliko fisi yeyote niliyewahi kumwona, na ubavuni amenyolewa duara, ile alama ambayo kila mtu wa Usukuma ameisikia: fisi mwenye kunyolewa ana mwenyewe, na mwenyewe humpanda. Mgongoni alikuwa amefungwa sukari yangu, sabuni yangu na kanga zangu, kwa mipira yangu ya tyubu. Alikuwa ananitazama kwa utulivu. Alikuwa anangoja kupakuliwa.

Nikampakua. Ungefanya nini? Mbele ya mji mzima niliinama nikafungua mpira mmoja mmoja, naye akangoja nimalize. Kisha akasimama, akajikung'uta, akapita katikati ya pamba akielekea msituni. Pale ndipo nilipojimaliza. Maana mtu ambaye fisi amemtulia hivyo, nani atamwambia kwamba alidhani ni baiskeli?

Nilijaribu. Nilisema yote, tairi, solusheni, mzee wa koti. Walikuwa wanaitikia, "Ndiyo, bhabha. Ndiyo, bhabha." Habari ya kurudisha ng'ombe haikutajwa tena. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nilichelewa, hakuna aliyenigombeza, na niamini, nilitamani sana wanigombeze. Kabla jua halijazama mama mkwe akamtoa Kabula nje kwa mkono. Mzee akasema kuna lori la pamba linalala senta, litaondoka alfajiri, tusikose. Kabula akasimama mbele yangu, macho chini. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari ya wimbo wa Hidaya, nikaishia kumkabidhi zile kanga.

Kwenye lori alikaa upande wa pili wa marobota. Tukafika Nyahanga. Yeye ndiye aliyeiona kwanza: baiskeli yangu, imeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba yetu, imefutwa vumbi, tairi limezibwa na kujazwa upepo, cheni imetiwa mafuta.

"Yule mzee alipajua kwako?" akaniuliza.

"Hakuniuliza ninakoishi," nikasema. Ndivyo ilivyokuwa, na niliposema hivyo niliona kitu kinafungwa usoni mwake.

Tumekaa miaka mingi tangu siku hiyo. Mungu ametupa watoto wengine, wakubwa sasa, wana watoto wao. Kabula hajanitukana, hajanipandishia sauti, hajaniuliza natoka wapi. Wenzangu wananionea wivu, wanasema nimepata mke mtulivu. Hawajui kwamba hajawahi kulala kabla yangu. Nikiamka usiku kunywa maji, namkuta macho yamefunguka, ananitazama miguu. Karia ya baiskeli hajaipanda tena. Nimemsimulia kisa hiki mara nyingi kuliko nilivyomsimulia mtu mwingine yeyote, na kila mara hunijibu, "Nakuamini, Baba Hidaya," kwa sauti ile ile unayomjibia askari aliyekusimamisha njiani.

Juzijuzi alikuwa anapepeta mchele uani. Nikakaa karibu naye, nikamuuliza jambo ambalo kwa miaka yote nilikuwa naliogopa. Nikamuuliza kama nisingetokea Jumapili ile, kama ningefika Jumatatu na baiskeli naikokota, ingekuwaje.

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Nilikuwa nimeshafunga mzigo tangu asubuhi," akasema. "Nilishamwambia mama. Baba alikuwa na maneno tu, alitaka uje akugombeze kidogo. Hata ungekuja Alhamisi ningeondoka na wewe."

Akapepeta, akapuliza makapi.

"Asubuhi ile nilikuwa nakuja mwenyewe," akasema tena. "Jioni nikawa napelekwa."

Basi wewe unayenisikiliza, kijana mwenye haraka zako, shika hili. Tairi likikupasukia, kokota. Atakayekuja na cha kwake, chenye joto, kisicho na mlio, akasema panda uwahi, mshukuru kwa adabu zote na uendelee kukokota. Fika na vumbi, fika umechelewa, ugombezwe mlangoni. Mimi niliwahi. Jua lilikuwa bado liko juu kabisa.